Hoteli mbili za Osaka zilizopimwa kwa goti la mama

Mama yangu ana miaka 69 na goti la kulia lisilomtii. Nalitanguliza goti kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu katika safari yetu, na picha za hoteli mtandaoni hazina habari nalo. Tulikwenda Osaka, Japani, mwishoni mwa Machi. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anahitimu shahada ya uzamili huko, na mama alishaapa kwamba mahafali ya kitinda mimba wake hayampiti hata ikibidi atambae. Tulikaa usiku nane, katika hoteli mbili, na ya tatu tuliingia kama wageni tu tukaiona. Majina siyataji. Hoteli za namna hii Osaka zimejaa kila mtaa, na ukishazijua aina zake, jina halikubabaishi.

Nianze na kalenda, maana hapo ndipo fedha zilipoponyoka. Mwaka wa masomo Japani huisha Machi na mwingine huanza Aprili. Wiki ile ya mwisho watu wanahama nyumba, wanahitimu, wanaripoti kazini, na juu ya yote hayo maua ya mcheri yanachanua na dunia nzima inataka kuyapiga picha. Chumba kilekile cha Namba, mtaa wa maduka na starehe katikati ya Osaka, nilikiona kwa yeni 14,000 siku ya Jumanne na yeni 27,000 Jumamosi yake, wala hakikuongezwa hata foronya. Sisi hatukuwa na hiari, mahafali hayasogezwi. Mwenye hiari akwepe pia Golden Week, zile sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na siku za Obon, za kuwakumbuka wafu, katikati ya Agosti. Novemba nayo ina mtego wake: majani mekundu yako Kyoto, lakini wanaokosa vyumba Kyoto hushukia Osaka, kwani ni nusu saa tu kwa treni.

Hoteli ya kwanza niliichagua kama watu wengi wanavyochagua. Nilitazama picha, nikatazama alama walizotoa wageni, nikaona maneno "dakika 5 kwa miguu kutoka Namba", nikalipa. Nililipia usiku tatu kwa ile bei nafuu isiyorudishwa ukighairi. Namshukuru Mungu sikulipia zote nane.

Tangazo halikusema Namba ipi. Namba si stesheni moja. Kuna Namba ya reli ya Nankai, inakoishia treni ya uwanja wa ndege. Kuna Namba ya treni za chini ya ardhi. Kuna Osaka-Namba ya treni za Kintetsu na Hanshin, ziendazo Nara na Kobe. Na kuna JR Namba, ya kampuni za reli za JR (Japan Railways), imejitenga upande wa magharibi kama mgeni asiyealikwa. Huko chini zinafikiana kwa vichochoro vya maduka, kiasi kwamba unaweza kuingia Namba moja una njaa ukatokea Namba nyingine umeshiba na umepotea. Hoteli yetu ilihesabu dakika zake 5 kutoka mlango wa kaskazini kabisa wa treni ya chini ya ardhi. Sisi tulishuka Nankai, kusini kabisa.

Hata hizo dakika zenyewe zina kipimo chake. Katika matangazo ya nyumba Japani, dakika moja ya kutembea ni mita 80. Huo ni mwendo wa mtu mwenye magoti mawili mazima na mikono mitupu, ambaye hasimami kwenye taa wala haulizi njia. Sisi tulikuwa na masanduku mawili ya magurudumu, mkongojo mmoja, na ramani ya simu iliyochanganyikiwa mara tu tuliposhuka chini ya ardhi. Mdogo wangu alikuwa maabara hadi usiku, hakuweza kutupokea. Kutoka uwanja wa ndege wa Kansai hadi Namba tulitumia dakika 45 na yeni 970 kila mmoja, tumekaa vizuri kabisa. Kutoka Namba hadi Namba tulitumia dakika 35.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa ngazi. Mlango ule wa kutokea haukuwa na lifti wala ngazi za umeme. Nilizihesabu: 42. Mama alizitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo ulipolipia?" Nikasema ndipo. Akashika ukingo akaanza, mguu mzima mbele na mbovu nyuma, ngazi moja moja. Nilipogeuka kuchukua masanduku, kijana mmoja mwenye suti nyeusi alishalibeba lile kubwa. Hakuuliza, hakusema neno. Alilifikisha juu, akainamisha kichwa, akapotea kwenye umati kabla mama hajafika kumwombea dua. Dua aliiomba hata hivyo, palepale barabarani, kwa sauti.

Sasa chumba. Ukubwa ulikuwa mita 12 za mraba, na sikudanganywa, uliandikwa. Mimi ndiye sikujua mita 12 za mraba zinafananaje zikishawekewa kitanda, meza, friji ndogo na bafu. Kitanda kiliitwa semi-daburu. Nilidhani ni kitanda cha watu wawili chenye jina la kistaarabu. Kumbe ni upana wa sentimita 120, yaani watu wawili wakilala lazima wapatane nani ageuke lini. Sanduku kubwa lilifunguka juu ya kitanda tu. Mswala haukutandikika moja kwa moja: ukiuelekeza kibla, magharibi na kaskazini kidogo, ncha yake inapanda ukuta. Mama husali kwenye kiti kwa sababu ya goti, na kiti kilikuwa kimoja, na akikivuta hakuna anayepita kwenda bafuni. Nilisali nikiwa nimesimama nusu mlangoni.

Bafu lilikuwa lile wanaloliita yunitto basu, boksi la plastiki ngumu lenye choo, sinki na beseni la kuogea kwa pamoja, linaloundwa kiwandani likaja kupachikwa jengoni. Mtindo huu ulishika kasi Tokyo ilipokuwa inajenga hoteli mbiombio kwa ajili ya Olimpiki ya 1964, na tangu hapo umeenea kila kona. Ni jambo la akili sana. Halivuji, linasafishika kwa dakika chache, halina harufu. Lakini sakafu ya boksi imeinuliwa, kwa hiyo unaingia kwa kupanda kizingiti cha shubiri nzima, halafu unavuka ukuta wa beseni ulio juu ya goti. Kwa mama hiyo ilikuwa milima miwili kabla ya kuoga na miwili baada ya kuoga, mwili umelowa.

Dirisha lilikuwa na kioo cha ukungu. Nililifungua nikaona ukuta wa jirani, ningeweza kuugusa. Kelele za Dotonbori, mtaa wa starehe kando ya mfereji, zilitufikia hata hivyo. Watu wanapiga picha na lile bango la mkimbiaji wa Glico, kampuni ya peremende, hadi usiku wa manane, wanaimba, wanaitana. Kijana wa miaka 25 ataipenda hoteli hii na hatakosea: anatoka mlangoni yuko kwenye vibanda vya takoyaki, yale madonge ya unga yenye pweza, duka la saa 24 liko chini ya jengo, vyumba ni visafi kuliko nyumba yangu siku ya Idi. Maji ya moto hayakukatika hata sekunde. Sikuona vumbi hata nyuma ya friji, na nilitazama.

Na choo. Hapa lazima nisimame kidogo. Tangu 1980, kampuni ya TOTO ilipoanza kuuza Washlet, Wajapani wamezoea choo chenye mfereji wa maji ya uvuguvugu na kiti chenye joto, na leo hata hoteli ya bei ya chini inacho. Mama, ambaye katika kila safari ya ng'ambo hubeba kopo lake la plastiki ndani ya sanduku, alitoka bafuni siku ya kwanza uso umebadilika. Alisema Wazungu wametangulia kwa mengi lakini hawa wametangulia panapostahili. Kopo halikutoka tena sandukuni mpaka tunarudi.

Kilichotuvunja kabisa hakikuwa chumba, ni sebule. Siku ya pili mdogo wangu alikuja na maua na keki. Mama alikuwa hajamwona miaka mitatu. Tulipoelekea lifti, dada wa mapokezi alitukimbilia kwa adabu nyingi, akaandika kwenye simu yake, simu ikatafsiri: asiyeandikishwa kulala hapa haruhusiwi kupanda vyumbani. Mdogo wangu alijua, ila alikuwa anatarajia wasione. Sheria hii utaikuta hoteli nyingi za Japani. Unalipa kwa idadi ya watu, na kila mgeni wa kutoka nje huandikishwa na pasipoti yake hutolewa nakala. Kumpenyeza mtu wa tatu hakuna. Mama alimtazama yule dada, akaniambia nimtafsirie: "Mwambie huyu ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa." Nilimtafsiria. Dada aliinama zaidi. Chini pale ukumbi wa mapokezi ulikuwa mwembamba kama korido, una mashine ya kahawa na hauna viti. Keki tuliilia kwenye benchi kando ya mfereji wa Dotonbori, kwenye baridi ya Machi, mama amejifunga kanga juu ya koti.

Usiku huohuo mdogo wangu alichukua simu tukaanza kutafuta upya. Hapo nilijifunza mambo ambayo ningeyajua Januari ningeokoa fedha na machozi. La kwanza, tovuti nyingi za Kijapani huandika bei kwa kila mtu, si kwa chumba. Chumba kinachoonekana rahisi kwa yeni 9,000 ni yeni 18,000 mkiwa wawili. La pili, maneno ya vyumba. Daburu ni kitanda kimoja, mara nyingi sentimita 140. Tsuin ni vitanda viwili. La tatu ni yale maneno basu toire betsu, maana yake bafu mbali na choo mbali, na mara nyingi bafu la namna hiyo lina sehemu pana ya kuogea nje ya beseni. La nne, kin'en ni chumba kisichovutwa sigara na kitsuen ni cha wavutaji. Sheria ya Aprili 2020 imebana uvutaji ndani ya mikahawa na maofisi, lakini hoteli bado zinaruhusiwa kuwa na vyumba vya wavutaji, na harufu ile haiondoki kwa kufungua dirisha, hasa dirisha linalotazama ukuta.

La tano ni langu mwenyewe, sikulisoma popote. Kabla ya kulipa tuliiandikia hoteli swali moja: kutoka treni hadi mlangoni kwenu, ni mlango upi wa stesheni wenye lifti, na baada ya hapo kuna ngazi ngapi? Hoteli mbili hazikujibu. Ya tatu ilijibu asubuhi, na ramani iliyochorwa kwa mkono, mshale mwekundu kutoka jukwaani hadi lifti, kutoka lifti hadi barabarani, na duka la dawa limechorwa pembeni ili tusipotee. Chini waliandika kwamba mlangoni pao hakuna ngazi. Tulilipa kabla ya kumaliza chai.

Hoteli hii ya pili iko Hommachi, stesheni mbili tu kaskazini ya Namba kwa treni ya Midosuji, ile ya rangi nyekundu. Hata hivyo tulikwenda kwa teksi, kwa hasira zaidi kuliko haja, na haikufika yeni 1,500. Mlango wa teksi hufunguka wenyewe, usiushike, dereva ataumia moyo.

Hommachi ni mtaa wa maofisi. Mchana umejaa watu wa suti, usiku unanyamaza, na Jumapili unaweza kusikia taa za barabarani zikibadilika rangi. Kwa sababu wateja wake wengi ni watu wa kazi, bei ya mwisho wa wiki haikupanda kwa wazimu kama Namba. Tulilipa yeni 18,600 kwa usiku mmoja, watu wawili, chai ya asubuhi ndani. Chumba kilikuwa tsuin ya mita 22 za mraba. Nilitandika mswala, nikasujudu, na bado kichwa changu hakikugusa kitu. Mama alikuwa na kiti chake, mimi nilikuwa na changu, na kulikuwa na mahali pa kugombania rimoti.

Bafu na choo vilikuwa mbalimbali. Sehemu ya kuogea ilikuwa usawa mmoja na sakafu, ina kigoda na chuma cha kushikia ukutani. Mama alikaa mle karibu saa nzima siku ya kwanza.

Ghorofa ya juu kulikuwa na bafu kubwa la pamoja, daiyokujo, wanawake kwao na wanaume kwao, mlango wa wanawake una namba ya siri unayopewa mapokezi. Nilimweleza mama masharti: unavua kila kitu, unaoga kwanza umekaa kwenye kigoda kifupi, unajisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia majini, na taulo halitiwi majini. Mwenye chale za rangi mwilini aulize kwanza, mahali pengi hawaruhusu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimezaa wanne," akasema, "na mkunga mmoja tu ndiye aliyeniona." Mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikwenda peke yangu saa 11 na nusu alfajiri, hapakuwa na mtu, mvuke umetanda, mji uko chini bado umelala. Sitasema mengi. Nilikwenda kila siku.

Pijama huwekwa chumbani au huchukuliwa karibu na lifti. Miswaki, nyembe na vitana siku hizi havikai bafuni, viko kwenye rafu karibu na mapokezi na unachukua unachohitaji. Hiyo ni kwa sababu ya sheria ya kupunguza plastiki iliyoanza Aprili 2022, kwa hiyo usipande chumbani ukadhani wamekusahau. Soketi ni za volti 100, pini mbili bapa. Chaja ya simu haina shida, lakini mashine ya mama ya kukausha nywele ilipuliza kama mgonjwa wa pumu, tukatumia yao.

Chai ya asubuhi ni kujipakulia: wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma, mayai ya kukunjwa, mboga za siki, na mikate kwa wasioweza wali saa moja asubuhi. Vyakula vyenye nguruwe viliwekewa kadi yenye picha, jambo lililotusaidia, ila michuzi yao mingi hutiwa mirin, ambayo ni kileo cha kupikia, kwa hiyo mwenye kujali aulize chombo kwa chombo. Tulishika samaki na wali. Natto, soya iliyochachushwa yenye utelezi, mama aliitazama, ikamtazama, wakaachana kwa amani.

Kasoro zipo. Usiku saa 3 Hommachi hakuna pa kula zaidi ya duka la saa 24 na mkahawa mmoja wa tambi. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba, nikajua jirani anapiga chafya mara tatu tatu. Kuingia chumbani ni saa 9 alasiri, na tulipofika saa 6 mchana hawakulegeza hata dakika, ingawa chumba nilikiona kimeshasafishwa. Masanduku waliyapokea, wakatupa kijikaratasi, wakatuonyesha mahali pa kukaa.

Mahali pa kukaa! Ukumbi wa chini ulikuwa na makochi, chai ya kijani bure na dirisha kubwa. Sheria ya vyumbani ilikuwa ileile, mdogo wangu hakuruhusiwa kupanda, lakini mama alishapata sebule. Kila jioni alishuka, akakaa kochi la pembeni, akapokea wageni: mwanawe, marafiki wa mwanawe kutoka maabara, siku moja hata profesa mstaafu aliyeinama mara nyingi mpaka mama akaanza kuinama naye. Mzee wa mapokezi wa zamu ya usiku alianza kumwekea kigoda cha kunyooshea goti bila kuombwa. Bahashishi Japani haipokelewi, nilijaribu, akarudi nayo akikimbia. Mama akampa kaimati alizokuja nazo. Hizo alizipokea.

Mahali penyewe palitulipa pia. Hommachi hupita treni ya Midosuji na ya Chuo. Kwa treni hiyo iitwayo Chuo unafika upande wa Kasri la Osaka bila kubadili treni, na mahafali yalikuwa ukumbi wa karibu na hapo. Kasri lenyewe, mnara wake wa sasa ni wa zege, umejengwa 1931, na ndani una lifti. Wapenda historia hulinung'unikia zege lile. Mama alilisifu. Kwa Kyoto tulikwenda stesheni moja mbele, Yodoyabashi, inakoanzia reli ya Keihan. Kwa kuwa treni inaanzia pale, ukisubiri foleni dakika chache unapata kiti, na inakushusha Gion-Shijo, katikati ya mji mkongwe. Ninyi mtakaofuata mkumbuke pia kwamba kwenye ngazi za umeme za Osaka watu husimama kulia, tofauti na Tokyo.

Kodi ya malazi ya Osaka hulipwa juu ya bei. Tangu Septemba 2025, chumba kikiwa yeni 5,000 hadi chini ya 15,000 kwa mtu kwa usiku, ni yeni 200 kwa kila mtu, na inapanda hadi 500 kwa vyumba vya yeni 20,000 na zaidi. Sisi tulidaiwa yeni 400 kila usiku, tukalipa siku ya kuingia kwa fedha taslimu, maana kwenye tovuti haikuwemo.

Umeda, kitovu cha treni upande wa kaskazini wa mji, tuliiacha. Hoteli zake ni nzuri na treni ziendazo kila upande ziko pale, lakini chini ya ardhi ni msitu: Osaka ya JR, Osaka-Umeda ya Hankyu, Umeda ya Midosuji, Higashi-Umeda, Nishi-Umeda, zote zinashikana mikono gizani. Baada ya Namba nne sikuwa na moyo. Shin-Osaka inafaa kama asubuhi una treni ya shinkansen, ile ya mwendo kasi, kwa kuwa shinkansen husimama huko na si Osaka ya katikati. Zaidi ya hapo ni mtaa wa kupita tu.

Ile hoteli ya tatu, tuliyoingia kama wageni tu, ni aliyokuwa analala mdogo wangu. Chumba chake cha bweni alishakikabidhi, kazi mpya inaanza Aprili, akajipachika Shin-Imamiya kwa yeni 3,200 kwa usiku. Chumba ni mikeka mitatu ya tatami, kama mita 5 za mraba, godoro unalikunja asubuhi, bafu na choo ni vya ghorofa nzima. Huu ulikuwa, na kwa sehemu bado ni, mtaa wa vibarua wa kutwa, walioijenga Osaka wakati wa miaka ya neema na wakazeekea hapohapo. Siku hizi vijana wenye mabegi ya mgongoni wamewafuata. Kodi ya malazi haikugusi kwa bei hiyo, treni ya uwanja wa ndege inasimama jirani, na mnara wa Tsutenkaku unauona ukitoka. Wazee wawili waliokaa nje na makopo yao walimsalimu mama, mama akawajibu kwa Kiswahili, wakaendelea hivyo dakika kumi. Kwa mtu mmoja, mwenye mgongo mzima na pochi nyepesi, sina neno baya. Aliwahi pia kulala hoteli ya vidonge, yaani ya kapsuli, ambako kila mgeni hulala ndani ya kishimo chake, huko Umeda baada ya kukosa treni ya mwisho, na akajigamba kwamba aina hiyo ya hoteli ilianzia mji huohuo, mwaka 1979. Mama alipooneshwa picha ya kile kishimo cha kulalia aliuliza kama hulipwa na jamaa za marehemu.

Siku ya kuondoka tulirudi Namba kwa treni ya Midosuji, maana ya Nankai huanzia pale na viti vinapatikana. Safari hii mdogo wangu alitangulia mbele na masanduku, akifuata alama za lifti. Katikati ya njia mama alisimama. Kulia kwetu kulikuwa na mlango wa kutokea, ngazi zinapanda kuelekea mwanga.

"Ndizo zile?" akauliza.

"Ndizo."

Alizisogelea, akaigonga ya kwanza kwa mkongojo mara mbili, kama anayemwonya mbuzi wa jirani, kisha akageuka akatufuata kwenye lifti.